Mkanda Unaongoja Zamu Yake

Shirikisho la Kimataifa la Pawalifti, IPF, limeupima mkanda wa mnyanyua vyuma kwa rula: upana usizidi sentimita 10, unene usizidi milimita 13. Wenzao wa mtindo wa Olimpiki wanaruhusu hadi sentimita 12. Kabla ya mashindano vifaa hukaguliwa kimoja kimoja, na mkanda uliozidi kipimo hauingii ukumbini. Jambo moja tu limeachwa bila kipimo, nalo ndilo gumu kuliko yote: mtu aufunge wakati gani. Hilo halimo kwenye kitabu cha kanuni. Mnyanyuaji hujifunza kulisoma kiunoni mwake, katika pumzi yake, na katika mwendo wa chuma kinapopanda.

Skwati yenyewe ni rahisi kuieleza. Chuma kinalazwa mabegani nyuma ya shingo, mtu anachuchumaa mpaka nyonga ishuke chini ya goti, kisha anasimama. Ugumu uko katikati. Mzigo uko juu, nguvu inatoka miguuni, na kinachoviunganisha viwili hivyo ni kiwiliwili chenye uti wa mgongo nyuma na tumbo laini mbele. Tumbo likilegea, kifua kinaanguka mbele na mgongo unaachiwa kazi isiyo yake.

Ndiyo maana mzoefu hashuki kabla hajavuta pumzi. Huvuta hewa mpaka chini ya kitovu, wala si kifuani tu. Kiwambo kinashuka, misuli ya mbele, ya ubavuni na ya kiunoni inakaza kwa pamoja, na shinikizo ndani ya tumbo linapanda. Kiwiliwili kinakuwa kigumu, na nguvu ya miguu inafika juu bila kupotea njiani. Mkanda ukiwa umezunguka hapo, tumbo linapata kitu cha kusukumia na shinikizo linapanda zaidi. Wengi hudhani ngozi ile ya mkanda ndiyo inayoushika mgongo, kumbe ni shinikizo lile. Asiyejaza pumzi ameufunga bure: amevaa ngozi kiunoni, basi.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wanaume 14 waliopiga skwati kwa asilimia 90 ya uzito wao wa juu kabisa, mara wakiwa na mkanda, mara bila mkanda. Katika misuli ya miguu na ya mgongo waliyoipima, hawakuona tofauti ya maana. Kilichobadilika ni mwendo: mkanda ukiwepo, chuma kilikwenda kasi zaidi. Matokeo ya watu 14 hayamalizi ubishi, lakini yanawapunguzia sauti wale wanaorudia kila jioni kwamba mkanda unailaza misuli ya mgongo.

Kule kubana pumzi kabla ya kushuka kumepewa jina la mtaalamu wa masikio. Antonio Maria Valsalva, mwanaanatomia wa Bologna, aliandika mwaka 1704 kitabu kuhusu sikio la binadamu. Humo alieleza namna ya kuziba pua na mdomo na kuisukuma hewa ili usaha utoke sikioni. Hakuwa na habari ya skwati hata kidogo. Leo makocha wa vyuma wanalitaja jina lake kwa heshima, na pengine ni heri wengi wao hawajui habari ya usaha.

Swali la lini liliwasumbua hata watu wasiojua skwati. Katika miaka ya 1990 wafanyakazi wengi wa maghala na maduka makubwa ya Marekani walivalishwa mikanda ya mgongo kutwa nzima, kwa matumaini kwamba viuno vyao vitapona na makatoni. Mwaka 1994 taasisi ya serikali ya usalama kazini, NIOSH, ilisema haipendekezi mikanda hiyo kwa mfanyakazi asiye na jeraha. Mwaka 2000 ukachapishwa utafiti mkubwa uliofanywa katika maduka 160, ambapo wafanyakazi zaidi ya 9,000 walihojiwa. Waliovaa mkanda kila siku hawakuonekana kupata nafuu yoyote ya maumivu ya mgongo kuliko wasiovaa kabisa. Mikanda ile ilikuwa laini, na kuinua katoni si kuchuchumaa na chuma, kwa hiyo si haki kuyahamishia matokeo yote jimu. Hata hivyo kuna kitu cha kuokota hapo: mkanda wa kutwa nzima haukumsaidia mtu.

Wanawake wa Pwani wangeweza kulisema hilo bila utafiti. Kibwebwe hufungwa mtu anaposhika mchi au anapoingia ngomani, na shughuli ikiisha kanga inarudi mabegani. Hakuna anayelala nacho.

Jimu nako, vijana wanaoufunga mkanda mlangoni na kuufungua wakati wa kwenda nyumbani, wakiwa wamepigia nao hata zoezi la mikono mbele ya kioo, wanajinyima somo. Chukua mtu ambaye skwati yake nzito kuliko zote ni kilo 140. Anaanza na chuma kitupu cha kilo 20, anapanda 60, 80, 100. Hapo kote kiuno kiwe wazi, kwa sababu ndipo tumbo linapojifunza kukaza bila kuegemea chochote. Makocha wengi huweka mpaka karibu na asilimia 80, yaani kama kilo 112 kwa mtu huyu. Lakini namba hiyo ni ya kuanzia mazungumzo tu. Akiwa hakulala vizuri, kilo 100 zitamlemea kama kwamba kuna aliyeongeza nyingine kwa siri. Akiwa mzima, 115 zitapanda bila hata kumkunja uso.

Kwa hiyo fundi hutafuta ishara nyingine. Seti inapoisha hujiuliza: ningeweza kuongeza marudio mangapi? Jibu likiwa mawili au pungufu, mkanda una kazi katika seti inayofuata. Anayemtazama kwa pembeni huona mengine. Chuma kinakwama kidogo katikati ya njia. Nyonga zinapanda kabla ya mabega. Kifua, ambacho kwenye kilo 80 kilikuwa kimesimama, sasa kinaiangalia sakafu. Mwalimu mzuri huviona hivi kabla mwanafunzi hajavisikia, na sifa zake ziko hapo hasa, kwa kuwa kupiga kelele za kutia moyo kila mtu anaweza.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na wenye kiburi cha kiuno kitupu ndio huliangukia. Mtu anakaa miezi bila mkanda, kisha siku ya kujaribu uzito mkubwa anaazima wa rafiki. Ngozi inamchoma mbavu, hajui asukume wapi, na pumzi inakwama kifuani. Kuutumia mkanda ni ujuzi unaofanyiwa mazoezi wiki nyingi kwa mizigo ya kati, ili siku nzito isiwe siku ya kuanza darasa. Skwati ya marudio 20 nayo ni shauri jingine kabisa: kilo si nyingi, ila hewa inakuwa adimu, na mkanda uliobana sana humnyima mtu hata ile pumzi anayoiiba akiwa amesimama kati ya rudio na rudio.

Mahali pa mkanda ni kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga. Wenye kiwiliwili kifupi, wakiwamo wanawake wengi, huona upana wa sentimita 10 ukiwachoma wakifika chini, na mkanda mwembamba kidogo huwafaa zaidi. Ukibana kupita kiasi tumbo halina pa kwenda. Ukilegea tumbo halina cha kugusa.

Hata majitu hawakwepi utaratibu huu. Oktoba 2016, mjini Atlanta, Mmarekani Ray Williams alishuka na kusimama na kilo 456 kwa mtindo usioruhusu suti za kubana wala bandeji za magoti. Machi 2019 akafika 490. Mkanda ulikuwapo kiunoni, ule ule wa sentimita 10 anaoruhusiwa kijana wa kilo 60.

Shinikizo la kubana pumzi lina gharama yake. Mwaka 1985 watafiti wa Canada walipima presha ya damu ya wajenga mwili watano wakati wakinyanyua. Katika zoezi la kusukuma mzigo kwa miguu yote miwili wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja wao alivuka 480 kwa 350. Kwa mwenye mishipa mizima hali hiyo hupita mara tu anapoushusha mzigo. Mwenye presha ya kupanda, mwenye ngiri na mama mjamzito hawana sababu ya kuamua peke yao habari ya mkanda na kubana pumzi. Hilo ni la daktari kwanza.

Jimu nyingi za mitaani Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huanza na saruji iliyomwagwa kwenye makopo na gia za magari chakavu. Si aibu. Paul Anderson, bingwa wa Olimpiki wa Melbourne mwaka 1956, alianza nyumbani kwao Toccoa, Georgia, kwa uzito wa zege ambao baba yake alimtengenezea kwa kumimina kwenye fremu ya mbao. Ila zege halina kilo za uhakika, na asilimia 80 ya kitu kisichopimwa haipigiwi hesabu. Hapo namba zote za makocha zinawekwa kando, na kinachobaki ni zile ishara: chuma kinakwenda vipi, kifua kimesimama au kimeanguka, yamebaki marudio mangapi. Ndiyo maana wengine waliokulia kwenye makopo ya saruji wana jicho kali kuliko waliokulia kwenye vyuma vilivyoandikwa uzito.

Mara nyingi mkanda wenyewe huko ni mmoja kwa kundi zima, umetobolewa matundu ya ziada kwa msumari wa moto. Mwembamba akimaliza seti anampa mnene, bizimu inarudi matundu matatu, na kijana aliyesimama na makopo yake mawili madogo akinyoosha mkono kuuomba anaambiwa apige hivyo hivyo, mkanda una foleni.