Fumbo Si Pazia: Raha ya Mwanamke katika Lugha ya Unyago wa Unguja

Katika maandishi juu ya fasihi simulizi ya Unguja kuna kauli inayorudiwa kwa sura nyingi: kwamba nyimbo za unyago zimejaa mafumbo kwa sababu mambo ya unyumba ni aibu kutajwa waziwazi. Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba wanafunzi huianzia kazi zao kama dibaji isiyohitaji ushahidi. Makala haya yanaipinga. Yanadai kwamba ndani ya chumba cha unyago fumbo halimfichi mtu kitu, kwa kuwa wote waliomo ndio walengwa wake. Kazi yake ni kufunda, na miongoni mwa yanayofundwa imo raha ya mwanamke mwenyewe pamoja na ile ya mumewe. Iwapo fumbo limeonekana kuwa pazia, ni kwa sababu wahakiki wengi walikutana nalo mahali ambapo pazia lilihitajika.

Jambo moja la utaratibu lisemwe mapema. Hapa hakunukuliwi hata mstari mmoja wa wimbo wa unyago. Nyimbo hizo ni amana ya makungwi na manyakanga, na anayezichapa anazipeleka kwa wasiokusudiwa, jambo ambalo ndilo kiini cha mjadala wetu. Hoja itajengwa juu ya msamiati na sarufi, ambavyo ni mali ya wasemaji wote, na juu ya yale ambayo wanawake wa Unguja wameyaweka hadharani kwa hiari yao.

Nani anatenda

Kiswahili cha heshima kikizungumzia ndoa humweka mwanamume kuwa kiima na mwanamke kuwa shamirisho. Mume huoa, mke huolewa. Mume huingilia, mke huingiliwa. Tasfida zilizo laini kuliko hizo hazibadili sana mpangilio huo. La kushangaza ni kwamba vitenzi vya matusi, ambavyo hakuna haja ya kuvitaja hapa, vina mpangilio uleule: mtenda mmoja na mtendwa mmoja. Adabu na matusi hudhaniwa kuwa ncha mbili za lugha zisizokutana, kumbe kisarufi zimekaa upande mmoja. Kauli ya kutendana ipo, lakini ama inataja tendo la kisheria, kama kuoana, ama inataja hisia, kama kupendana. Ikigusa mwili huwa ya jumla mno, haisemi lolote juu ya kile mwanamke anachohisi.

Katika rejesta ya unyago mambo yanageuka. Kukata kiuno, kukizungusha, kukituliza: kiima cha vitenzi hivi ni mwanamke. Zaidi ya hayo, ni vitenzi elekezi ambavyo shamirisho yake ni kiungo cha mtenda mwenyewe. Mwanamke anatenda juu ya kiuno chake. Mwanamume hayumo katika sentensi, si kwa sababu amefichwa, bali kwa sababu somo halijamfikia bado.

Sitiari za unyago hutoka jikoni, shambani na baharini. Mhakiki wa pazia akikutana na kinu na mchi huandika mara moja kwamba kinu ni mke na mchi ni mume, kisha hufunga daftari. Amelifanya fumbo kuwa kitendawili chenye jibu moja. Lakini nani anatwanga? Katika nyumba za Unguja mtwangaji ni mwanamke. Ndiye anayeushika mchi, anayepanga mapigo, anayejua kama mpunga umekoboka au bado, na ndiye anayepumzika akitaka kupumzika. Ukiisoma sitiari hii kwa nomino zake unapata viungo viwili vya mwili, jambo ambalo kila mtu mzima alikwishalijua kabla hajaingia chumbani. Ukiisoma kwa vitenzi vyake unapata maarifa ya kasi, pumzi na subira, na mwenye maarifa hayo ni mwanamke. Vivyo hivyo kwa upishi. Moto wa kuni huongezwa na kupunguzwa, chungu hupewa muda wake, na mpishi huonja. Kuonja ni haki ya mpishi kabla ya kuwa haki ya mlaji.

Usomaji wa nomino umeuponza hata wimbo wa taarab. Muhogo wa Jang'ombe, unaohusishwa na Siti binti Saad na ulioimbwa tena na Bi Kidude, kila unapojadiliwa huulizwa muhogo ni nini. Muhogo unajulikana. Swali lenye faida zaidi ni kwa nini jambo hilo liwe chakula, na kwa nini sauti inayolizungumzia iwe ya mwanamke, yaani ya mtu ambaye katika mambo ya chakula ndiye mwenye kauli juu ya ladha.

Chumba na jukwaa

Bi Kidude, jina lake Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, ndiye aliyeufanya unyago wa Unguja ujulikane nje ya visiwa. Alikuwa kungwi na alikuwa mwimbaji, na kazi zote mbili alizifanya hadi uzeeni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX; mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Andy Jones juu ya maisha yake, As Old As My Tongue. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, lilimleta mara kadhaa mbele ya hadhira ya Ngome Kongwe. Hapo watu wengi, wakiwamo watafiti, ndipo walipomwona kwa mara ya kwanza akiipiga ngoma yake ndefu ya msondo akiwa ameifunga kiunoni kwa nguo.

Ngoma ni ileile na sauti ni ileile, lakini fikiria kilichotoweka. Hakuna bi harusi wa kufundwa. Hakuna anayeuliza, hakuna anayekosea, hakuna mkono wa kungwi unaomsahihisha. Waliokaa vitini ni wanaume na wanawake, wenyeji na watalii, pengine baba na binti yake katika safu moja. Katika hali hiyo maneno yaleyale yanalazimika kufanya kazi nyingine: yamsitiri baba mbele ya binti, na yampe mgeni kitu cha kufurahia bila kukielewa. Fumbo limekuwa pazia kweli. Mhakiki aliyekuwapo hakukosea katika alichokiona. Kosa lake lilikuja alipokirudisha chumbani na kudai kwamba ndivyo lilivyokuwa tangu hapo.

Utafiti wa Katrina Daly Thompson uliochapishwa mwaka 2011 unaelekea kwenye hitimisho la namna hiyo kwa njia nyingine. Anaonyesha namna wanawake wa Zanzibar wanavyolivuka katazo la kuzungumzia mambo ya kujamiiana pale wanapozungumzia viumbe visivyo vya kawaida. Kwa usomaji wangu, matokeo yake yanaashiria kwamba katazo hilo halikukaa katika mada hata kidogo. Limekaa katika hadhira: nani yupo, nani anasikia, nani ataulizwa kesho alisema nini.

Raha ya nani?

Kuna pingamizi zito. Wapo wanaosema kwamba unyago ni mafunzo ya utumishi: mwanamke hufundwa ili mume aridhike na asimwache, na raha yake mwenyewe, kama ipo, ni bahati. Pingamizi hili halijibiwi kwa kusifu mila. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mafunzo humlenga mume. Udi wa kufukiza nguo ni kwa pua yake, kikuba cha asumini na mrehani ni kwa pua yake, na mlio wa utunda kiunoni ni kwa sikio lake. Ni kweli pia kwamba hofu ya kuachwa imo katika mafunzo hayo, na kwamba wapo wanawake waliotoka chumbani wakiwa na hofu hiyo zaidi ya kitu kingine chochote.

Hata hivyo, linganisha na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Huo nao ni mafunzo ya mwanamke kwa mwanamke, ya mama kwa binti, na chumba cha ndoa kimo. Lakini vitendo vyake vya chumbani vinaelekea kwa mume: yeye ndiye anayepepewa, anayekandwa, asiyeamshwa kwa kishindo. Kisarufi mume ni shamirisho na kimaudhui ni kitovu. Unyago unaweza kuwa na lengo lilelile la kumridhisha mume, lakini unapita katika mwili wa mwanamke kwanza na kukaa humo muda mrefu. Ustadi wa kukitawala kiuno haufundishiki nusu. Aliyejifunza kuongeza na kupunguza kwa ajili ya mwingine amekwisha kujua, kwa mwili wake, palipo na tofauti. Isitoshe, kicheko cha chumbani, uchezaji wa mwanamke kwa mwanamke na nderemo ni furaha isiyomngojea mume.

Mipaka ya hoja hii nayo itajwe. Sarufi haithibitishi kwamba mwanamke fulani alipata raha katika ndoa yake. Inathibitisha tu kwamba lugha aliyopewa ilikuwa na nafasi ya yeye kuipata kama mtenda.

Wengine hulaumu dini kwa ukimya. Lawama hii ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mtoto wa madrasa ya Unguja, ambako fiqhi ni ya Imamu Shafi, husoma sharti za josho la janaba akiwa bado mdogo, na humo mwanamke na maji yake hutajwa bila kigugumizi. Hadithi ya Ummu Sulaym, aliyemuuliza Mtume kama mwanamke naye huwajibika kuoga akiota na kuona maji, akajibiwa kwamba ndiyo, imo katika Bukhari na Muslim. Ghazali, katika Ihya, anamtaka mume aliyekwisha kukidhi haja yake asiharakishe mpaka mkewe naye akidhi yake. Na aya ya 187 ya Sura ya Al-Baqara inawalinganisha mke na mume na vazi, kila mmoja kwa mwenzake, ulinganifu ambao tumeona jinsi Kiswahili cha heshima kinavyoupata kwa shida.

Ukimya wa kweli uko kwenye riwaya. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), kiu ya Bahati ni ya mapenzi na kiu ya Idi ni ya mali, na wa kwanza hutumiwa kulipia cha pili. Ni riwaya nzuri, na uchunguzi wake wa tamaa haujapitwa. Lakini humo, kama kwingi katika riwaya ya visiwani, hamu ya mwanamke huingia katika masimulizi ili iadhibiwe au idanganywe. Kutulizwa kwake hakupewi lugha. Waandishi waliokulia katika mitaa ambamo ngoma ya msondo ilisikika nyuma ya ukuta waliandika kama watu waliosikia ngoma tu. Wengi wao, bila shaka, walikuwa wanaume, na ukuta ulijengwa kwa ajili yao.

Kilele na kunoga

Leo msamiati umehama. Magazeti, vipindi vya redio na waelimishaji wa afya husema mwanamke “amefika kileleni” au “amefika mshindo”. Istilahi hizi zina faida ambayo mhakiki asiibeze: zinamwezesha mwanamke kumweleza daktari tatizo lake kwa neno linaloeleweka. Lakini sitiari zake zichunguzwe. Mshindo ni sauti ya kitu kilichoanguka au kulipuka. Husikika na aliye nje. Bao, linalotumiwa na vijana, huhesabiwa, na kwa kawaida mfungaji ni mmoja. Kilele kwa watu wa bara ni cha mlima. Unguja haina mlima. Kilele tunachokijua sisi ni cha mnazi, na anayekifikia ni mkwezi, ambaye desturi imemfanya kuwa mwanamume. Tena kilele ni nukta. Mtu amefika au hajafika, na mwanamke asiyefika anakuwa kama aliyeanguka mtihani ambao maswali yake hakuyatunga. Kinembe na kisimi ni maneno yaliyomo kamusini, lakini istilahi ya kileleni imeenea kuliko yote mawili: tumekipa jina kifikio kabla ya kuitaja njia.

Kiswahili cha Unguja kilikuwa na vitenzi vya aina nyingine kwa jambo hili. Kukolea ni kimoja. Sukari hukolea katika chai, rangi hukolea katika nguo. Ni suala la kiwango, wala hakuna nukta moja inayogawa kukolea na kutokolea. Kunoga ni kingine, na ndicho kinachostahili utafiti wa kina. Mchuzi hunoga, ngoma hunoga, mazungumzo hunoga. Kitenzi hiki hakina mtenda wala mtendwa: jambo lenyewe limefikia utamu wake, na mwenye kushuhudia kwamba limefikia ni yule anayeuonja. Kwa hiyo kinaiepa ile sarufi ya kuoa na kuolewa bila kuipindua. Waandaaji wa vitabu vya afya ya uzazi kwa Kiswahili wangeweza kukijaribu kabla ya kukopa mlima mwingine. Wanawake wa Unguja wakiwa peke yao si ajabu kuwasikia wakilitumia neno hilo kwa jambo la nne, lisilo mchuzi, ngoma wala mazungumzo. Akipiga hodi mwanamume, mazungumzo hurudi kwenye mchuzi.