Kioo Hakinyooshwi

Gari la zamani linapofufuliwa, karibu kila kosa lina dawa yake. Bati lililobonyea hupigwa nyundo mpaka likarudi. Shimo la kutu hukatwa, kikachomelewa kipande kipya, pati ikapakwa, msasa ukapita, na rangi ikafunika yote. Mlango unaogoma kufunga huinuliwa kidogo kwenye bawaba. Kioo cha mbele hakimo katika hesabu hiyo. Hakinyooshwi, hakisagwi, hakibembelezwi kwa nyundo. Kinafika gereji kikiwa na umbo lake, na gari ndilo linalopaswa kukifuata. Kwa hiyo nikiambiwa nichague siku moja ya kushuhudia katika miezi yote ambayo Volkswagen Beetle hutengenezwa upya, nitachagua siku ya kuvishwa kioo.

Ninalitaja Beetle kwa sababu lina mizizi kwetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha wakashinda wakiwa na Volkswagen. Mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider wakashinda tena kwa gari la aina hiyohiyo. Mengi ya magari haya yalizeekea huku, na mpaka leo utayakuta yamelala chini ya miembe, matairi yameisha upepo, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma.

Fundi anayejua kazi hii hakuulizi kwanza una shilingi ngapi. Anauliza gari ni la mwaka gani. Mpaka matoleo ya 1964, kioo cha mbele cha Beetle kilikuwa bapa. Kwa matoleo ya 1965 kiliongezwa ukubwa na kupindwa kidogo, na lilipokuja Beetle 1303 mwaka 1972, kikapinda sana kuelekea ubavuni. Mpira wa kimoja hauvai kingine. Unaweza kuulazimisha, nao utakaa siku ya kwanza, lakini pembe zitabaki zimenyanyuka na mvua itaziona kabla yako.

Mpira ndio kiini cha kazi yote. Magari ya siku hizi kioo chake hubandikwa kwa gundi nzito, kikawa sehemu ya uimara wa bodi. Kwenye Beetle hakuna gundi inayokishika. Kuna mpira mmoja mnene unaozunguka kioo, wenye mifereji miwili: mmoja unaukumbatia ukingo wa kioo, mwingine unaukumbatia ukingo wa bati la bodi. Matoleo ya kifahari yana mfereji wa tatu kwa nje, wa kupokea urembo wa alumini unaong'aa. Kioo kinaelea katikati ya mpira huo, na gari likijinyonga kwenye makorongo, mpira ndio unaopokea msukosuko.

Gereji ninayoizungumzia iko Dar es Salaam, na mwenye kazi ni mzee ambaye vijana wake hawamwiti kwa jina. Saa ya kwanza hagusi kioo. Anazunguka dirisha tupu akipitisha ukucha kwenye ukingo wa bati, taratibu, kama asomaye. Anatafuta tone la rangi lililogandana, uvimbe mdogo wa kuchomelea, mchanga ulionaswa chini ya praima. Kivimbe kisichoonekana kwa macho hukisukuma kioo mahali pamoja tu, na kioo kinachosukumwa mahali pamoja kitapasuka. Huenda kisipasuke leo. Kitasubiri tuta la barabarani, na hapo mwenye gari atasema ameuziwa kioo kibovu.

Pembe mbili za chini anazikagua zaidi ya kwingine kote. Mpira wa zamani ukishakauka na kupasuka, maji hupenya na kutuama pale, yakala bati gizani miaka mingi, kisha yakashuka kwenye nyaya za nyuma ya dashibodi. Mwenye gari huona taa zinazimika ovyo, akaita fundi umeme, kumbe mgonjwa ni mpira. Rangi ya nje inaweza kumdanganya mnunuzi. Ukingo huu hauna wa kumdanganya, maana hauonekani tena baada ya siku ya leo, na mzee anausafisha kana kwamba utatazamwa na watu wote. Hilo ndilo ninalolistahi kwake kuliko ustadi mwingine wowote.

Mpira umeanikwa juani ili ulainike. Kioo kimelazwa juu ya blanketi mezani. Wanauvisha mpira kukizunguka, kisha urembo wa alumini unaingizwa hapohapo mezani, kwa kuwa kuuingiza kioo kikiwa tayari garini ni mateso na mara nyingi hupinda. Halafu inakuja kamba, nyembamba na imara. Inazungushwa ndani ya mfereji wa bati mpaka ncha zake mbili zipishane katikati ya upande wa chini, zikabaki zinaning'inia. Maji ya sabuni yanapakwa kwenye mpira na kwenye ukingo. Mafuta hayaruhusiwi kukaribia, kwa sababu hula mpira.

Vijana wawili wananyanyua kioo na kukiegemeza dirishani kutoka nje. Mzee amekaa ndani, ncha za kamba mkononi. Anavuta kuelekea katikati ya kioo, polepole sana, na kila kamba inapotoka, inaunyanyua mdomo wa mpira na kuupandisha juu ya bati. Aliye nje anagonga mahali palepale.

"Kiganja, mwanangu. Ngumi hapana."

"Hapa, Mzee?"

"Subiri kamba ifike. Sasa."

Wanaanza upande wa chini, wanapanda kushoto kidogo na kulia kidogo ili kioo kisikae mshazari, na juu wanamalizia. Sauti inabadilika kadiri wanavyoendelea. Kiganja kinapogonga mahali ambapo mpira haujakaa, mlio ni mtupu, na ukishakaa, mlio unakuwa mzito na mfupi. Mzee husikiliza kuliko anavyotazama. Penye pembe kamba ikigoma, haongezi nguvu. Anasimama, anaongeza sabuni, anarudi nyuma kidogo, anaanza upya. Mdomo uliojikunja ndani anaunyanyua kwa kijiti bapa cha mti. Bisibisi iko mbali, kwa amri yake, maana chuma kikigusa ukingo wa kioo kazi yote imekwisha.

Aina ya kioo nayo anaijua kabla ya kuvuta. Magari mengi ya zama hizo yalikuwa na kioo kilichokazwa kwa moto. Madereva wa zamani wanakikumbuka: kokoto moja ikirushwa na lori, kioo chote kinageuka cheupe ghafla, nawe upo kwenye mwendo huoni mbele. Kioo cha matabaka, ambacho Mfaransa Édouard Bénédictus alikipatia hataza mwaka 1909, kina utando katikati unaoshika vipande visitawanyike, nawe unaendelea kuona njia. Ni salama zaidi, na ndicho ningemshauri yeyote akiweke. Ila kinapofungwa kinadai mkono mpole, kwani ukikibonyeza kwenye kona moja kinachora ufa papo hapo.

Kamba inapotoka yote, hakuna anayeshangilia. Unafunguliwa mpira wa kumwagilia maji, kijana mmoja anaingia ndani na tochi, na wanangoja. Pakivuja, mzee anaunyanyua mdomo wa mpira na kuingiza dawa ya kuziba kwa ndani, uzi mwembamba tu. Silikoni ya kupaka juu kwa kidole haitumii. Ile inayonuka siki ina asidi inayolianzishia bati kutu upya, na kwa vyovyote vile inaficha tu njia ya maji.

Kama una Beetle nyumbani na sakafu yake inalowa kila masika, usikubali tyubu ya silikoni. Mwambie fundi akitoe kioo, mtazame pamoja ukingo wa bati, na kutu iondolewe kabla ya jambo lingine. Mpira mpya unapatikana, kwa sababu Beetle lilitengenezwa zaidi ya milioni 21 na la mwisho lilitoka Puebla, Mexico, Julai 2003. Agiza ule wa mwaka wa gari lako, kisha mwachie fundi asubuhi nzima bila kumpigia simu.