Kuchagua Majarida ya Treni za Mfano Ukiwa Lukenya

Jarida la treni za mfano hupimwa kwa rula. Likishafunguliwa mezani, fundi anapaswa kuchukua vipimo ukurasani na kuanza kukata plastiki au shaba bila kubahatisha. Picha zinazometa ni za kutamanisha tu. Mnunuzi wa Lukenya ana sababu ya ziada ya kuwa mkali, kwani majarida ya fani hii huchapishwa ng'ambo kwa wasomaji ambao wakitaka behewa jipya hulipata kwa urahisi dukani. Kurasa za kusifu bidhaa mpya, ambazo katika baadhi ya majarida ndizo nyingi, kwake ni sawa na menyu ya hoteli iliyo nchi nyingine.

Kabla ya kununua chochote, ijulikane ni reli ipi inayotengenezwa. Upande huu wa Machakos una mbili. Ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa mita moja na hupitia Stony Athi na Athi River. Ya SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, SGR hutoshea reli ya milimita 16.5, ambayo ndiyo ya kawaida madukani. Reli ya mita moja hutoka milimita 11.5, nayo hutengenezwa kwa njia ya milimita 12 inayoitwa HOm. Hapa ndipo majarida ya Uingereza humchanganya mgeni: kipimo chao cha OO hutumia reli ileile ya milimita 16.5, lakini injini na mabehewa ni ya 1:76. Mchoro wa OO ukitumiwa kama ulivyo kwenye HO, behewa litatoka kubwa kuliko wenzake wote.

Kwa sababu hiyo, majina makubwa hayalingani kwa manufaa. Railway Modeller la Uingereza, lililoanza mwaka 1949, lina ufundi mzuri lakini limezama katika reli za Uingereza. Continental Modeller, linalotoka kwa wachapishaji haohao, hushughulikia reli za nje ya Uingereza, na ndilo la kutazamwa kwanza na mpenzi wa reli ya Kenya. Model Railroader la Marekani, la tangu 1934, lina sifa kwa umeme, mbao za msingi na upangaji wa njia. Narrow Gauge and Short Line Gazette, lililoanza 1975, ni la reli nyembamba. Mada zake ni za Marekani kwa sehemu kubwa, ila michoro yake inafundisha macho.

Michoro ndiyo mtihani wenyewe. Chukua injini za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na namba 5932 iliitwa Ol'Donyo Sabuk, mlima uliomo Machakos. Injini moja ina urefu wa karibu mita 31.7. Kwa 1:87 hiyo ni sentimita 36 na nusu, na ukurasa wa A4 hauzidi sentimita 29.7. Mchoro kamili wa HO basi hauwezi kukaa kwenye ukurasa mmoja. Jarida makini litauchapa katika kurasa mbili za katikati, penye pini, ambako karatasi hulala bapa. Jarida zembe litaupitisha kwenye mgongo uliogundishwa kwa gundi, na sehemu ya katikati ya injini itapotelea kwenye mkunjo. Mengine huupunguza hadi 1:160, ambapo hutoka kama sentimita 20. Hilo si kosa, mradi kipimo kimeandikwa na pana mstari wa vipimo kando yake. Mchoro usio na mstari huo ni pambo.

Mkazi wa Lukenya ana bahati ambayo msajiliwa wa London hana: injini 5918 ya daraja hilohilo, Mount Gelai, iko katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Tepu ya fundi seremala, vipimo vya magurudumu mawili matatu na ruhusa ya wahusika vinatosha kuonyesha kama mchoraji alipima au alikisia.

Makala za mandhari nazo zisomwe kwa jicho hilohilo. Jarida linalofundisha ua wa kijani na ukuta wenye kuvu halisaidii kutengeneza tambarare za Athi na Kapiti, zenye nyasi za manjano, migunga na udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Majarida ya Australia, na makala za kusini-magharibi mwa Marekani, yako karibu zaidi. Makala bora hutaja malighafi kwa asili yake, kama vile mchanga uliochujwa, gundi ya mbao iliyozimuliwa na rangi ya aina fulani. Ikitaja tu namba ya kopo la kampuni fulani, haina msaada.

Kuhusu namna ya kupata, usajili wa karatasi una gharama ya posta inayoweza kukaribia bei ya jarida, na toleo hufika matangazo yakiwa yamechacha. Nakala za kidijitali huondoa adha hiyo, lakini printa ina tabia ya kupunguza ukurasa ili utoshee karatasi. Ichaguliwe asilimia 100, kisha mstari wa vipimo upimwe kwa rula kabla ya kukata chochote.

Matoleo ya zamani ndiyo ununuzi wenye busara zaidi, kwani mchoro wa behewa wa mwaka 1965 haujachakaa, ingawa makala za umeme za enzi hiyo zimepitwa. Anayenunua mtumba ahesabu kurasa za katikati kwanza: mwenye jarida wa awali, akiwa fundi kweli, mara nyingi alizichomoa.