Diablo III: walilia rangi, wakaibiwa jasho



Najua hapa tumezoea kuchambua tenzi na riwaya, na wapo watakaosema mzee huyu kaingiwa na nini tena hata atuletee habari za gemu. Nivumilieni kidogo. Mchezo wa kompyuta una watunzi wake, una mtindo wake, na una hadhira inayoijadili kazi kwa ukali ambao sisi wahakiki wa fasihi tungeuonea wivu. Nani kati yetu amewahi kuona watu makumi ya maelfu wakitia sahihi kwamba riwaya fulani ina mwanga mwingi mno? Mashabiki wa Diablo walifanya kitu cha namna hiyo mwaka 2008. Kelele zile zimeshapoa, na mie naona zilipokewa vibaya na pande zote mbili, ndiyo maana nazirudia.

Kwa wasioujua: katika Diablo unamwongoza mhusika mmoja, unashuka naye mapangoni, unaua mashetani, na mashetani wakifa wanadondosha vitu. Panga, ngao, pete, dhahabu. Unavaa kilicho bora kuliko ulichonacho, kisha unashuka chini zaidi. Ni hivyo tu, na watu wamekesha kwa hivyo tu. Wa pili ulitoka mwaka 2000. Wa tatu ukatangazwa Paris mwezi Juni 2008 na kuuzwa kuanzia Mei 15, 2012. Hesabuni wenyewe: aliyekuwa na miaka kumi na tano kwa ule wa pili alikuwa na ishirini na saba kwa ule wa tatu. Miaka kumi na miwili ni mingi, mtu anaweza kuujenga upya mchezo mzima kichwani mwake ukawa kitu kingine kabisa.

Picha za kwanza zilipoonyeshwa Paris, mashabiki walichachamaa. Nyasi za kijani! Mwanga wa buluu pangoni! Upinde wa mvua! Ombi likaandikwa mtandaoni kutaka giza lirudishwe. Wengine walizichukua picha za kampuni ya Blizzard, wakazitia kiza wenyewe kwa programu ya kuhariri picha, kisha wakaziweka sambamba: hii yenu, hii yetu. Jay Wilson, aliyekuwa mkurugenzi wa mchezo, alijibu kwamba zile picha zao zinapendeza zikiwa zimetulia, lakini mambo yakianza kwenda mbio mchezaji hamtofautishi tena adui na ukuta.

Katika hili mie nilikuwa na nipo upande wa Wilson. Diablo II haukuwa wa giza kama wanavyousimulia. Sehemu yake ya kwanza imejaa mbuga za kijani, na ya pili inakupeleka Lut Gholein, mji wa bandari ukingoni mwa jangwa, jua la utosi, mchanga mweupe. Tena ulichorwa kwa rangi 256 tu kwa sababu ya uwezo wa kompyuta za siku zile, na uhaba huo ukawapa watu hisia ya ukungu na kutu ambayo baadaye waliiita falsafa. Kumbukumbu ina brashi yake.

Blizzard nao walijibu kwa utani. Ndani ya Diablo III wakaficha mahali paitwapo Whimsyshire, penye mawingu yanayocheka, farasi wenye pembe moja, wanasesere wa dubu na upinde wa mvua wa kutosha kila mtu. Mlango wake unalindwa na mzimu wa mfalme wa ng'ombe, na hapo mashabiki wa zamani walielewa mara moja, maana ule wa pili nao ulikuwa na uwanja wa siri wa ng'ombe, uliotokana na uvumi wa wachezaji wa ule wa kwanza. Utani mzuri. Lakini utani pia ni njia ya kumwambia mtu kwamba hoja yake haistahili jibu, na wengi waliuchukua hivyo.

Nichomekee jambo moja hapa, maana nikilinyamazia mtanishangaa. Miongoni mwa wahusika watano wa mwanzo wa Diablo III yumo anayeitwa Witch Doctor, anayerusha mitungi ya buibui na kuita mbwa waliokufa. Mashabiki walilalamika, lakini kwa nini? Kwamba kakalia kiti cha Necromancer, mfufua maiti wa mchezo wa pili! Kwamba jina lenyewe limewafunga kamba moja mchawi na mganga, watu wawili ambao kwetu mmoja unamkimbilia ili akuokoe na mwenzake, hilo sikuliona likiwakera. Msanifu amelichukua jina la kikoloni, akamvika mtu manyoya na barakoa, akamwachia Afrika, Karibiani na Amazoni avichanganye mwenyewe. Necromancer alirudishwa Juni 2017, kwa kulipiwa. Mganga wetu akabaki mchawi. Basi, naliacha.

Sasa tuje kwenye kiini. Lalamiko la pili lilihusu namna mhusika anavyokua. Katika Diablo II, kila unapopanda ngazi moja unapewa pointi tano za kugawa mwenyewe, kwenye nguvu, wepesi, uhai na kadhalika, pamoja na pointi moja ya mbinu. Ukishaiweka, imekwenda. Mpaka marekebisho ya mwaka 2010 hapakuwa na njia rasmi ya kuirudisha. Ukikosea ngazi ya kumi, unakuja kulia ngazi ya themanini. Diablo III ulifuta yote hayo: nguvu na uhai vinajipanga vyenyewe, mbinu zote utazipata, na unaweza kuzibadilisha utakapo.

Wasanifu walikuwa na sababu, tena nzuri. Ule uhuru wa zamani ulikuwa nusu yake uongo. Watu walifungua kurasa za mtandaoni, wakanakili orodha ya mtu mwingine hatua kwa hatua, wakaita huko ni kuchagua. Na kumwadhibu mtu kwa saa hamsini kwa kosa alilofanya kabla hajaujua mchezo ni ukatili usio na faida. Mpaka hapo nakubali.

Lakini angalieni kilichotokea. Mashujaa wawili wa aina moja wakifika ngazi ya 60, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, ndani wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Historia yao haikuacha alama yoyote mwilini mwao. Tofauti iliyobaki ni nini? Mavazi! Utu wote wa mhusika ulihamishwa kutoka kwenye maamuzi yake ukawekwa kwenye upanga, kofia na pete zake. Likumbukeni hilo, maana Juni 12, 2012, hata mwezi haujatimia tangu mchezo utoke, upanga, kofia na pete vikapelekwa sokoni kwa fedha halisi.

Ulikuwa ni mnada ndani ya mchezo wenyewe, wa namna mbili: mmoja kwa dhahabu ya mchezoni, mwingine kwa fedha halisi. Kitu kimoja kiliweza kuuzwa hadi dola 250. Kampuni ilichukua dola moja kwa kila silaha au vazi lililouzwa, na asilimia 15 nyingine kama ulitaka fedha zako zitoke nje ya mfumo. Hoja yao ilikuwa kwamba watu wanauziana hata hivyo, kwenye tovuti za vichochoroni, wanatapeliwa, basi heri biashara ifanyike peupe. Hoja hiyo si ya kijinga. Diablo II ulijaa utapeli, aliyeucheza anajua.

Kosa lake ni kudhani kwamba soko linakaa pembeni ya mchezo. Wilson mwenyewe, akizungumza kwenye mkutano wa wasanifu wa michezo huko San Francisco mwaka 2013, alieleza kwamba walitarajia wachache ndio wautumie mnada. Ikawa karibu kila mchezaji aliutumia, na zaidi ya nusu mara kwa mara. Alikiri kwamba uliudhuru mchezo. Kwani ungeachaje kuudhuru? Raha yote ya Diablo ni ile sekunde shetani anapoanguka na kitu kinang'aa chini, hujakiokota, hujui ni takataka au ni kile ulichokitafuta wiki nzima. Sasa leta bei. Ukipata upanga mzuri, swali la kwanza si “unanifaa?” bali “unauzika kwa ngapi?” Na usipopata, unakaa mnadani dakika kumi, unanunua kitu kilicho bora kuliko vyote ambavyo mashetani wangekuangushia kwa mwezi. Ukishanunua, unarudi pangoni kutafuta nini?

Mashabiki walilisema hili mapema, tena kwa lugha rahisi: vitu vinavyodondoka havina maana. Na kweli, mtu alikuwa anacheza Barbarian, mtu wa mabavu, anaangushiwa mshipi wa kuongeza akili za mchawi. Ulitakiwa umuuzie mwenye kuuhitaji. Mchezo ulikuwa unakulipa kwa bidhaa.

Ndipo lalamiko la tatu linapojieleza. Diablo II uliweza kuucheza peke yako bila intaneti. Kompyuta na diski vilitosha. Diablo III haukufunguka bila kuunganishwa na seva za kampuni, hata kama unacheza peke yako chumbani. Siku ya kwanza seva zikazidiwa, watu waliokwisha lipa wakakodolea macho maneno “Error 37”. Korea Kusini mambo yalifika mpaka kwa tume ya ushindani wa biashara, ambayo ilipekua ofisi za kampuni mwezi huohuo wa Mei. Kampuni ilieleza kuwa intaneti inahitajika ili kuzuia udanganyifu. Sawa, lakini udanganyifu dhidi ya nani, kama nacheza peke yangu? Jibu liko sokoni. Upanga wenye bei ya dola hauwezi kuachwa ndani ya kompyuta ya mtu, kama vile benki isivyokuachia wewe ndiye uandike daftari lake. Na hata daftari hilo lilighushiwa: Mei 2013, marekebisho mapya yalikuja na kasoro iliyowawezesha watu kuzidisha dhahabu mnadani mpaka milango ikabidi ifungwe.

Kwa sisi wenye ndugu nyumbani, hili si jambo la starehe tu. Nyaya za baharini zilikuwa zimefika pwani yetu mwaka 2009 na 2010, na watu walianza kupumua. Lakini seva za Diablo III ziligawanywa kwa Amerika, Ulaya na Asia. Kijana wa Tanga au Mombasa akibonyeza kitufe, amri yake inasafiri bahari na bara ndipo upanga ushuke. Na mchezo una namna ya kucheza ambapo mhusika akifa amekufa, harudi tena. Waya ukikohoa sekunde tatu, unafiwa na mhusika wa miezi miwili bila hata kumwona aliyemuua. Kijana huyohuyo, miaka michache nyuma, alikuwa anacheza Diablo II hata kama mtaa mzima hauna simu. Mchezo umesonga mbele, yeye kaachwa kituoni.

Je, ilikuwa lazima? Hapa kuna ushahidi ambao sijaona ukipingwa. Septemba 2013 Diablo III ulitolewa kwa PlayStation 3 na Xbox 360. Kule haukuhitaji intaneti. Wala haukuwa na mnada. Mchezo uleule, mashetani walewale, na vitu vilipangwa vidondoke vichache zaidi lakini vyenye kufaa zaidi. Mwezi huohuo wakatangaza kuwa mnada wa kwenye kompyuta nao utafungwa, ukafungwa Machi 18, 2014. Marekebisho ya Februari mwaka huo yalifanya vitu vinavyodondoka vimfae anayecheza, na yakamrudishia mchezaji pointi za kugawa kwa mkono wake baada ya ngazi ya mwisho. Kila kilichorudishwa ni kitu ambacho mashabiki walikuwa wamekililia. Mchezo ukapona, wengi wakaurudia.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wanaowadharau mashabiki, ati ni watoto wanaopiga mayowe: someni mayowe yao yote pamoja. Pointi, vitu, mnada, intaneti, ni lalamiko moja. Mtu alikuwa anauliza kama jasho lake litaacha alama yoyote, na kama alama hiyo ni yake au ameazimwa. Lakini mashabiki nao wana sehemu yao. Lalamiko lililokusanya sahihi nyingi mapema, miaka minne kabla, lilikuwa la rangi, jambo jepesi kuliko yote. Rangi inaonekana kwenye picha, mtu anaikasirikia bila kucheza. Mkataba wa seva hauonekani kwenye picha.

Juni 2023 ukatoka Diablo IV. Giza limerudi lote, damu, matope, makanisa yaliyobomoka, hakuna upinde wa mvua hata wa dawa. Mwenye ombi lake la 2008 kapewa kila alichokiandika. Na bila intaneti haufunguki, safari hii hata kwenye PlayStation.

Nawasilisha.