Chama Kilichohamia Kiganjani

Zamani mtu wa Nyanungu aliyetaka jambo la chama alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi alimfahamu yeye, ng'ombe wake na madeni yake. Mfumo huo ulijengwa na TANU katika miaka ya 1960, na CCM ikaurithi ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977. Ulikuwa na kasoro kubwa: maagizo yalishuka kwa wingi, malalamiko yakapanda kwa shida.

Simu imeirekebisha kasoro hiyo, na tuipe haki yake. Mwaka 2008 marehemu Chacha Wangwe, mbunge wa Tarime na makamu mwenyekiti wa CHADEMA, alipotofautiana na viongozi wenzake, huku vijijini habari zilitufikia vipande vipande, kwa magazeti yaliyochelewa na maneno ya wasafiri. Januari 2025 mambo yalikuwa mengine. Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482, na John Heche, mwana wa Tarime, akapata umakamu mwenyekiti. Waliopiga kura ni wajumbe wapatao elfu moja, lakini malumbano ya kabla ya hapo yalifuatwa mitandaoni hata na vijana wachungao ng'ombe.

Tukumbuke pia kwamba wapinzani hawakuhamia mitandaoni kwa hiari tupu. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio halikuondolewa hadi Januari 2023. Aliyefungiwa mlango hupitia dirishani.

Hata hivyo, ndugu msomaji, msikilizaji hajawa mwanachama. Mwanachama hulipa ada, huchagua viongozi wa tawi, hupewa kazi na huulizwa kama ameifanya. Msikilizaji hugusa kioo kwa kidole, akacheka, akapita. Katika iritongo, baraza la hadhara la Wakurya, anayesema husimama mbele ya watu wa ukoo wake, na neno lake humfunga hata kesho. Mitandaoni mtu asiye na jina hutukana usiku, na asubuhi hakuna wa kuulizwa. Kiongozi naye hujifunza upesi kusema yale yanayosambaa. Mgogoro wa mpaka wa kijiji na hifadhi ya Serengeti, au bei ya mahindi, hauna kichekesho ndani yake, basi husubiri.

Kuna hatari kubwa zaidi. Kilicho kiganjani mwako kina swichi mkononi mwa mwingine. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Septemba leseni ya JamiiForums, jukwaa lililoanza mwaka 2006, ikasimamishwa kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kadhaa. Zilikuwa siku za vurugu na vifo, siku ambazo watu walihitaji mno kujua ndugu zao wako wapi. Kuwanyamazisha wananchi saa kama ile ni kosa, na sitalipamba. Lakini vyama navyo vijiulize: siku zile, ni katibu gani wa tawi aliyeweza kuwafikia watu wake kwa miguu, akawatuliza, akajua nani yupo na nani hayupo?

Nionavyo mimi, dawa ni ya kizamani, na inavihusu vyama vyote, CCM, CHADEMA, ACT-Wazalendo na vingine. Tawi liwe na daftari la wanachama lililoandikwa kwa kalamu. Mkutano ufanyike kila mwezi, na kumbukumbu zake zisomwe mkutano unaofuata. Simu itangaze mkutano na kueneza maamuzi yake, lakini maamuzi yafanywe na watu wanaoonana uso kwa uso na watakaoulizana baadaye. Chama chenye matawi ya namna hiyo kitazimiwa intaneti leo, na kesho watu wake watakutana chini ya mti.