"MAHALI SALAMA": UHAKIKI WA LUGHA YA VIBANDIKO VYA KEMIKALI

Sheria Na. 3 ya mwaka 2003, inayosimamia kemikali za viwandani na majumbani, pamoja na Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo, inayohusu usalama na afya mahali pa kazi, zimeupa msamiati wa ghala uzito mpya. Maneno yaliyobandikwa juu ya kopo ni sehemu ya kinga, sawa na kufuli na glavu. Kwa hiyo yastahili kuhakikiwa.

Kwanza, neno "dawa". Mkulima wa zabibu wa Dodoma huinyunyizia mizabibu yake salfa ili kuzuia ubwiri unga, naye huiita dawa. Neno hilo halina kosa la sarufi, lakini limebeba maana ya kuponya. Istilahi "kiuatilifu" imeuondoa utata huo. Upungufu wake ni kwamba ingali na harufu ya ofisi. Twapendekeza yaandikwe yote mawili hadi istilahi izoeleke shambani.

Pili, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, una maneno mawili ya ishara: moja kwa madhara makubwa, jingine kwa yaliyo madogo zaidi. Mfasiri akiandika "Hatari" kwa yote mawili, ameifuta daraja hiyo. "Hatari" libaki kwa la kwanza. Kwa la pili, "Onyo" lataja tendo la msemaji tu. "Tahadhari" lamtaka msomaji atende, nalo ndilo bora.

Kosa zito zaidi limo katika sentensi ionekanayo nyepesi: "Hifadhi mahali salama." Salama dhidi ya nini? Mwenye mali huweza kuelewa dhidi ya mwizi, akaifungia salfa chumbani alalamo, kando ya magunia ya mtama. Kemikali imesalimika, watoto hawajasalimika. Isitoshe, salfa hushika moto, na iunguapo hutoa gesi inayokaba pumzi. Ikichanganyika na mbolea ya naitreti, moto huwa mkali zaidi. Hayo yote hayamo katika "salama".

Mfasiri hana budi kusema wazi: "Weka ghalani, pakavu, penye hewa, mbali na moto, chakula na mbolea, funga kwa kufuli, usihamishie katika chupa ya soda." Sentensi hii ni ndefu, lakini kila sharti lake mkaguzi aweza kulithibitisha kwa macho. Tafsiri isiyokaguliwa hivyo isiidhinishwe.