Bahari Yenye Ngazi

Katika lugha yetu neno bahari lina kazi mbili. Ni maji haya yaliyotuzunguka pande zote, na ni mkondo wa utungo: mjuzi akiulizwa tungo hii ni ya bahari gani, hujibu kuwa ni utenzi, au ukawafi, au shairi. Na katika maana hii ya pili pamekuwa na ugomvi wa miaka mingi. Sheikh Amri Abedi alichapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, diwani isiyojifunga na vina wala mizani. Tangu hapo tumegawika. Wako wasemao kuwa vina na mizani ni ukuta wa gereza, na wako wasemao kuwa bila ya ukuta huo hapana ushairi, bali maneno tu yaliyopangwa mistari mifupi.

Mimi nimekaa upande huu wa pili tangu ujana. Sikusoma fasihi darasani. Mizani nilifunzwa na mjomba wangu barazani, kwa kuhesabu vidole, na kitu ambacho mtu amekipata kwa taabu hukilinda kwa wivu. Ndiyo maana mwaka mmoja, nikihakiki mswada wa kijana wa hapa kisiwani, niliandika kuwa beti zake ni maji yaliyomwagwa chini kwa kukosa chombo. Niliifurahia sana sentensi ile. Kijana hakunijibu, na sikumwona tena barazani akiwa na daftari lake.

Hukumu ile nimelazimika kuifikiri upya, na aliyenilazimisha si mhakiki mwenzangu. Ni birika la maji ya chumvi lililoko Newcastle, katika pwani ya mashariki ya Australia. Tulifika huko Januari 2017, mimi, mke wangu na mama yangu, kumzuru dada yangu mdogo aliyeolewa katika mji huo. Jumapili moja ya jua kali akatuchukua sote, pamoja na wanawe wawili, kwenda kushinda pwani. Tulibeba mkeka, chupa ya chai na sambusa, kama tungekwenda Mangapwani. Naomba msomaji aniruhusu kulihakiki birika hilo kama nihakikivyo diwani, kwani kwa maoni yangu ni tungo, nalo lina mtunzi, lina umbo, na lina aibu yake.

Nianze na umbo. Birika limechongwa katika jabali, chini ya genge refu, pembezoni kabisa mwa bahari kuu. Mtu hushuka kwa ngazi hadi penye maji. Pande za nyuma ni mwamba mtupu wenye alama za kuchongwa. Upande wa mbele, unaokabili bahari, kuna ukingo wa jiwe uliokaribiana na usawa wa maji, na juu yake nguzo za chuma zilizounganishwa kwa minyororo. Wimbi likija hupiga ukingo, hupanda, humwagika ndani kwa povu jeupe, kisha maji hurudi yalikotoka. Ukingo ungekuwa mrefu zaidi, maji ya ndani yangelala yakaoza. Usingekuwepo, pasingekuwa na birika, bali mwamba na mawimbi makali yasiyoogeka.

Sasa mtunzi. Newcastle ilianzishwa upya mwaka 1804 kuwa kituo cha adhabu. Waliopelekwa huko wengi wao walikuwa wafungwa waliokwisha kusafirishwa kutoka Uingereza na Ireland, wakakosa tena walipofika Australia. Walichimba makaa ya mawe, walikata miti, na walichoma magamba ya chaza kupata chokaa, kazi ambayo sisi watu wa pwani tunaijua joto lake. Mwishoni mwa 1818 alifika kamanda mpya, Meja James Morisset. Ni yeye aliyeamuru, yapata mwaka 1819, achongewe mahali pa kuogea; na ni wafungwa hao waliolipasua jabali kwa mikono, ili mtu mmoja apate kuoga kwa raha. Kwa muda mrefu mahali hapo paliitwa mabirika ya kamanda. Mwaka 1863 birika liliwekwa chini ya baraza la mji na likafunguliwa kwa watu wote. Mwaka 1884 likapanuliwa likawa kubwa kupita mara kadhaa lile la mwanzo.

Leo linaitwa Bogey Hole. Hapa mfasiri niliteleza. Kwa kuwa neno la kwanza, kwa Kiingereza cha Uingereza, humkumbusha mtu zimwi la kutishia watoto, niliandika katika daftari langu: Shimo la Zimwi. Nikaona nimepata jina zuri la kutisha. Dada yangu alicheka. Akaniambia kuwa neno hilo silo la Waingereza. Limetoka katika Kidharug, lugha ya wenyeji wa upande wa Sydney, na maana yake ni kuoga. Basi kwa Kiunguja changu kitenzi chake ni koga, kilekile tunachokisikia tukisema Mwaka Kogwa, na jina lote ni Shimo la Kogea tu. Hakuna zimwi. Lakini hata usahihi huo una kasoro ndani yake. Nchi ile ya Newcastle ni ya Waawabakal, nao wana lugha yao, ambayo mwenyeji wao mmoja hodari, Biraban, alimfunza mmisionari Lancelot Threlkeld, wakafasiri pamoja Injili ya Luka. Jina la birika halikutoka kwao. Lilikuja na walowezi kutoka Sydney. Kwa hiyo jina la kwanza linamtaja kamanda, jina la pili limeazimwa kwa majirani, na waliolichonga jiwe hawamo katika jina lolote.

Hiyo ndiyo aibu niliyoitaja, na mhakiki hana ruhusa ya kuiruka. Uzuri wa kitu haulipi deni la walioumia kukijenga. Nilipoiona minyororo ile ya ukingoni, iliyotiwa kwa ajili ya usalama wa waogaji, nilishindwa kuitazama bila ya kuikumbuka mingine. Sisi tunaoishi katika mji wa mawe tunazijua nyumba nzuri zilizojengwa kwa jasho lisilolipwa, na tunajua namna ulimi unavyokuwa mwepesi kumtaja mwenye nyumba.

Nilikuwa katika fikra hizo mama alipoanza kushuka ngazi. Mama amezaliwa ufukweni. Utotoni ameokota chaza na kombe maji yakiwa magotini, na katika miaka sabini na mmoja hakuwahi kuingia baharini zaidi ya hapo. Si yeye peke yake. Wanawake wengi wa rika lake wameishi kando ya bahari bila ya kufunzwa kuogelea. Alishuka na dera lake, mtandio ameufunga vizuri, mjukuu mmoja huku na mwingine huku. Ngazi ya mwisho akasimama, akatazama wimbi likivuka ukingo.

"Bahari hii mmeifuga?" akauliza.

"Hapana, bibi," mjukuu akamjibu. "Inaingia na kutoka."

Akakaa kimya kidogo, kisha akaingia. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, akaushika mnyororo kwa mikono miwili. Wimbi lilipokuja alipiga kelele, na lilipopita alikuwa anacheka kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia. Alikaa humo hadi vidole vikamkunjamana, sisi tukimwita aje anywe chai.

Swali lake na jibu alilopewa vimenipa kipimo ambacho ugomvi wetu wa bahari haukunipa. Wanaouita ukuta gereza wana hoja, kwani ukuta ule ulijengwa na wafungwa, kwa amri. Lakini bila ya ukuta mama asingeingia. Na sisi tunaoutetea ukuta tunasahau wimbi. Mashairi mangapi tunayoyasoma magazetini yana mizani kumi na sita kamili na vina visivyo na ila, na ndani yake maji yamelala? Watunzi wake wamefuga bahari. Kwa upande mwingine, tungo huru iliyo njema si maji yaliyomwagwa chini, kama nilivyoandika kwa kiburi. Ni bahari kuu, na kosa lake, kama ni kosa, ni kuwa inamtaka msomaji ajue kuogelea kabla ya kuingia.

Jambo la kuulizwa, basi, ni ukuta huu ni wa nani, na je, wimbi linapita? Alipokuwa Morisset akichongewa birika, kule Mombasa alikuwa hai Muyaka bin Haji. Husemwa juu yake kuwa aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Hakuivunja bahari ya shairi. Aliitia vita vya Mombasa, mapenzi, vijembe na shida za kila siku, mpaka wengi wakaiona ni yao. Newcastle nao hawakulivunja birika la kamanda. Walilifungua, kisha wakalipanua. Umbo lililozaliwa kwa ajili ya mmoja linaweza kuwa la wote, lakini haliwi hivyo lenyewe. Lazima pawe na mtu wa kulifungua, na mwingine wa kukubali kuwa lilikuwa dogo.

Sisemi kuwa birika lile halina kasoro kwa mwogaji. Jabali lake linakwaruza, ngazi zake ni taabu kwa wazee, na siku ya mawimbi makubwa si mahali pa kwenda na watoto. Lakini nimesoma diwani nyingi zilizopigwa msasa vizuri ambazo hazikumtoa mtu yeyote ufukweni.

Tuliporudi Unguja nilikwenda kumtafuta yule kijana. Sasa ni mtu mzima, ana duka la vipuri vya pikipiki. Nilimwomba radhi, nikamwuliza kama bado anatunga. Alisema atatafuta daftari. Sijui kama alilitafuta, wala sina haki ya kumdai.

Jioni moja nilimpeleka mama Forodhani. Vijana walikuwa wakijirusha kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, watu wakiwashangilia. Mama aliwatazama kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Hii ya kwetu, mwanangu, ngazi yake iko wapi?"